Kadi ya Mihuri Arobaini

Kabla sijamsema Benedikta, nijiseme mwenyewe, maana mimi ndiye niliyekaribia kumponza. Naitwa Saleha, mpishi wa shughuli, mkazi wa Usagara hapa Tanga mjini. Ukisikia pilau ya harusi fulani imesifiwa mpaka Pangani, uliza kwanza kama si mimi niliyekuwa jikoni. Mdomo ninao, hilo najua, na marehemu mume wangu alilijua kuliko watu wote. Basi huyo Benedikta, tuliyemwita Mama Jeni kwa ajili ya binti yake wa kwanza Jenifa, aliuza vitu kwenye baraza ya nyumba yangu kwa miaka minane, na sikumtoza hata senti.

Alizaliwa kwenye shamba moja la mkonge upande wa Muheza. Wazee wake walitoka Kigoma enzi zile za manamba, wakaja kwa mkataba, mkataba ukaisha, nao wakabaki. Akaolewa hapo hapo kambini na Timotheo, aliyekuwa akilisha majani ya mkonge kwenye korona, mashine ya kutoa nyuzi. Bei ya mkonge ilipoanguka, shamba likapunguza watu, na Timotheo akawa mmoja wa waliopunguzwa. Mwaka wa themanini na tano wakaingia mjini na watoto watatu na magunia mawili ya vyombo. Timotheo akapata ulinzi wa ghala. Mama Jeni akaja kunibishia hodi, akaniomba apange nyanya zake kwenye baraza yangu.

Nikamtazama juu mpaka chini, nikamwambia baraza si soko. Kesho yake asubuhi nikafungua mlango nikamkuta kakaa, nyanya kazipanga, na baraza kaifagia vizuri kuliko nilivyowahi kuifagia mimi. Nikarudi ndani kupika chai.

Alianza na nyanya na dagaa. Akaja akaongeza sabuni ya kukata vipande, mafuta ya kupima na sukari ya kufunga kwenye vikaratasi. Kila siku magharibi alifungasha kila kitu, beseni kichwani, ndoo huku na ndoo huku, akapeleka chumbani kwao mtaa wa tatu. Alfajiri akavirudisha. Hata masika hakukosa, ila sukari alikuwa akiifunga mifuko miwili. Mwaka wa tisini na tatu shingo ikaanza kumuuma, ikawa akitaka kumtazama mtu wa pembeni anageuka mwili mzima, nami nikamtania kwamba amekuwa askari wa gwaride.

Kwa hiyo Mzee Zubeiri, jirani yetu wa mbele, alipojenga fremu mbili za duka ubavuni mwa nyumba yake, Mama Jeni hakulala. Fremu ina mlango wa mbao mzito, ina kufuli, ina rafu za ukutani. Vitu vinalala humo humo. Kodi shilingi elfu nane kwa mwezi, na mzee akataka miezi sita kwa mkupuo, elfu arobaini na nane, mwisho wa kulipa tarehe tatu Januari. Fremu moja ilichukuliwa siku ile ile. Iliyobaki aliimezea mate pia Asheri, muuza mafuta ya taa, naye alikuwa na fedha mkononi. Mzee Zubeiri akasema amemtanguliza Mama Jeni kwa sababu ya ujirani, lakini ujirani wenyewe ungekwisha tarehe tatu.

Mama Jeni alikuwa na elfu hamsini na moja. Miaka minane ya kukaa kwenye saruji ndiyo hiyo elfu hamsini na moja, na alikuwa ameishona ndani ya mto wa kulalia.

Sasa tuje kwenye hiyo kadi.

Wote tulinunua kwa jumla dukani kwa Mzee Pyarali. Biashara huria ilipoingia, kila pembe ya mji ikaota duka la jumla, na wateja wa Pyarali wakaanza kupungua. Mwanawe Aslam, kijana aliyekaa Nairobi miaka michache na kurudi na mkoba wa ngozi, akamwambia baba yake dawa ni bonasi. Akachapisha kadi za manjano zenye vyumba arobaini. Ukinunua vitu vya shilingi elfu tano unagongewa muhuri kwenye chumba kimoja. Ukijaza vyote arobaini kabla ya mwaka kwisha, unapewa bure seti ya masufuria saba yenye mifuniko, pamoja na chupa ya chai yenye maua. Masufuria yenyewe aliyapanga kwenye kabati la kioo mlangoni, makubwa kwa madogo, na kila aliyepita aliyaona.

Mimi kadi yangu ilijaa Novemba, nikabeba masufuria yangu mchana kweupe, nikazunguka mtaa mzima ili yaonekane. Mama Jeni alipiga vigelegele kuliko wote. Yake ilikuwa na mihuri thelathini na moja.

Lazima mjue kwa nini kadi ile ilimkaa rohoni. Miaka ya shida, sukari na sabuni zilikuwa za mgao, na kila kaya ilikuwa na kadi yake kwa balozi wa nyumba kumi. Zamu yako ikifika uende, usipokwenda imekupita. Kule kambini, mwaka wa themanini na nne, ulikuja mgao wa khanga, doti moja kwa kila kaya, baada ya mwaka mzima watu kuvaa viraka. Siku hiyo Mama Jeni alikuwa anamzika mama yake. Aliporudi kambini siku ya tatu, doti yake ilikuwa imeshachukuliwa na mtu mwingine, na balozi akamwambia kadi yake imelala. Alimlilia mama yake na khanga pamoja. Tangu hapo, kwake yeye kadi ilikuwa haki ya mtu, na haki ikilala amekula mwingine. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Aslam alipogawa kadi za manjano, Mama Jeni aliifunga yake kwenye nailoni, akaiweka pamoja na cheti chake cha ubatizo.

Basi siku tatu kabla ya Krismasi akaniambia amepiga hesabu. Imebaki mihuri tisa. Tisa mara elfu tano ni elfu arobaini na tano. Atanunua vyote siku moja, kadi ijae, achukue masufuria.

"Na fremu?" nikamuuliza.

"Vitu nitaviuza, fedha itarudi."

"Itarudi kabla ya tarehe tatu?"

Akahesabu siku kwa vidole. Halafu akasema, "Saleha, kadi ikilala itaniuma mpaka kufa."

Hapa ndipo nilipokosea mimi. Badala ya kumwambia aache upuuzi, nikamwambia Mzee Zubeiri ni mtu wa kuongea naye, atampa wiki mbili. Nilisema hivyo nikijua mzee hajawahi kumpa mtu hata siku mbili. Na niseme ukweli wote: sikutaka ahame barazani kwangu. Nilizoea kufungua mlango nikamkuta.

Tukafuatana. Kabla hatujatoka alikuja mteja, mama mmoja wa mtaa wa pili, akanunua fungu la dagaa na akaomba nyongeza kama ada. Mama Jeni akachota kidogo kwenye kirundo cha pembeni, akamtupia. Mama wa watu akaondoka anacheka.

"Weye mwizi," nikamtania. "Nimekuona asubuhi. Umepunguza dagaa kila fungu ndo ukapata kirundo hicho."

"Sasa nyongeza ningeitoa wapi?" akajibu, anajifunga khanga. "Ninaijua ada yenu watu wa pwani. Mtu asipoongezewa hanunui. Basi nampunguzia kwanza, halafu namwongezea, na anafurahi."

Tukaenda. Njia nzima alitembea mbele bila kunisubiri, na mimi nikadhani ni zile fedha, alizokuwa amezifumua kwenye mto na kuzitia kifuani, zinamtia hofu.

Dukani tulimkuta Mama Aslam, yaani Gulbanu, mke wa Pyarali, amekaa kaunta peke yake. Aslam alikuwa bandarini kufuatilia mzigo. Gulbanu mzaliwa wa Pangani, Kiswahili chake cha Mtang'ata kinanishinda hata mimi. Miaka ya shida, duka lao lilipobaki na viberiti na dawa ya mbu tu, alipanga foleni ya unga na sisi, anakaa chini na sisi, na mwavuli wake tulikuwa tunabanana chini yake watu wanne.

"Shikamoo Mama Aslam," tukasema.

"Marahaba, wanangu. Mama Jeni, shingo yakuendeleaje?"

"Ipo tu, mama."

"Wataka nini leo?"

Mama Jeni akataja: katoni za sabuni, mafuta, sukari, chumvi, majani ya chai, jumla elfu arobaini na tano. Gulbanu akaweka kalamu chini.

"Vyote hivyo wavipeleka wapi? Chumbani mwalala watano."

"Kadi, mama." Akaitoa kwenye nailoni, akaiweka kwenye kaunta kwa mikono miwili.

Gulbanu hakuigusa. Mama Jeni akawa anatazama bei zilizoandikwa kwa chaki kwenye ubao, midomo inacheza. Nikajua anahesabu. Halafu akauliza kitu ambacho mimi, pamoja na mdomo wangu, sikuwahi kuuliza.

"Mama Aslam, Ijumaa ile mliyofunga, nilinunua katoni ya sabuni kule Ngamiani. Sabuni hii hii. Bei yake ilikuwa pungufu. Na bei ya mafuta ilikuwa pungufu. Nikasema labda wamekosea. Hawakukosea, eti?"

"Hawakukosea."

"Kwa vitu vya elfu tano kwenu, wao wanapungua kama mia tatu hivi."

"Mia tatu kamili," akasema Gulbanu. "Aslam alipoleta kadi alipandisha. Kabla ya hapo tulikuwa sawa nao."

"Kwa hiyo masufuria mnayatoa wapi?"

Gulbanu akatazama mlangoni kwanza, kisha akatutazama sisi. Nilimwona anapima kati ya mwanawe na sisi, na haikumchukua muda.

"Mwayalipa nyie," akasema. "Miye nilimwambia, haya mambo watu watayajua. Akanijibu Nairobi hawajui."

Nikapandwa na hasira. Nilitaka kuvunja lile kabati la kioo. Mama Jeni hakukasirika hata kidogo. Alikuwa anacheka, cheko la chini chini la mtu aliyejikuta mwenyewe. "Ni dagaa," akaniambia. "Saleha, amenifanyia ya dagaa! Amenipunguzia, halafu ananiongezea, na mimi nikafurahi."

Tukahesabu pale pale, Gulbanu akiandika nyuma ya boksi la viberiti. Mia tatu mara mihuri arobaini ni elfu kumi na mbili. Masufuria yale na chupa ya chai, ukienda kununua madukani, elfu tisa. Kwa mihuri thelathini na moja Mama Jeni alikuwa ameshatoa elfu tisa na mia tatu. Bandu bandu huisha gogo.

Sasa akili yangu nami ikaamka, ikaamkia upande usiofaa. "Ngoja," nikasema. "Kama umeshalipa elfu tisa na mia tatu, zimebaki elfu mbili na mia saba tu. Utaacha kitu cha elfu tisa kwa elfu mbili na mia saba? Jaza!"

Hesabu ilikuwa ya kweli, na Mama Jeni akaiona kuwa ni ya kweli. Akashika ukingo wa kaunta. Nilimwona macho yanakwenda kwenye kabati, yanarudi kwenye kadi. Machozi yakamtoka, na hakuyafuta. Elfu tisa na mia tatu, kwa mtu anayeuza chumvi ya kijiko, si kitu cha kutemea mate.

"Nikijaza," akasema polepole, "nitakuwa na masufuria saba, na sabuni chini ya kitanda mpaka Pasaka. Na Asheri atakuwa na fremu."

Akaikunja ile kadi mara mbili, kisha mara nne. Akamwambia Gulbanu, "Mama, mimi kadi sitaki tena. Niuzie bila kadi. Nitolee mia tatu yangu kila ninaponunua, hapa hapa, mkononi."

Gulbanu akafikiri. "Aslam atapiga kelele," akasema. Halafu, "Apige. Duka ni la babake, na babake hunisikiliza miye." Akamfungia vitu vya muhuri mmoja tu, akapokea elfu nne na mia saba, na kadi ikabaki imekunjwa kwenye kaunta.

Njiani nikaona nimepata ufumbuzi. Nilikuwa na harusi ya tarehe thelathini, binti wa fundi baiskeli wa mtaa wetu, na fedha za mchele na mafuta nilikuwa nimekwisha kukabidhiwa. Zaidi ya elfu arobaini na tano. "Nirudi nikaichukue ile kadi," nikamwambia. "Nitanunua vya harusi, wagonge kwenye kadi yako. Utapata masufuria na fremu vyote viwili. Mimi yangu niliijaza vivyo hivyo."

Alisimama katikati ya njia, akageuka mwili mzima kunitazama, maana shingo haikugeuka.

"Yako uliijaza kwa fedha za nani?"

"Za wenye shughuli."

"Kwa hiyo zile mia tatu tatu walilipa wao."

Nikarekebisha khanga yangu kichwani.

"Saleha, baba wa binti anaziba pancha. Elfu mbili na mia saba anaziba ngapi? Atoe hizo bila kujua, ili mimi nipate sufuria?" Hakusema kwa ukali. Akaendelea kutembea, akaniacha nimesimama na aibu yangu juani.

Nilinuna siku nzima. Sikununa kwa sababu amekosea. Nilipita jikoni, nikayaona masufuria yangu saba ukutani, na kwa mara ya kwanza nikayaona ya watu wengi: ya wa hitima ya Julai, ya wa unyago wa Septemba, ya wa harusi tatu za Oktoba. Mimi nilipewa bure kweli, kwa sababu walilipa wengine. Tarehe ishirini na nane nikapanda mpaka Ngamiani, nikanunua mchele na mafuta ya harusi kule, na chenji nikampelekea mama wa bibi harusi. Akaihesabu mara mbili, akaniuliza kama naumwa. Katika miaka yangu yote ya upishi sikuwahi kurudisha chenji.

Krismasi Mama Jeni alituletea ubwabwa na kuku kwenye sufuria lake la zamani lililopasuka mdomo. Timotheo akaja naye, mzee wa maneno machache, akakaa barazani akiwa na shati jipya. Nikamuuliza anasemaje kuhusu masufuria yaliyotuponyoka. Akatafuna, akameza. "Mimi nilikuwa nataka chupa ya chai," akasema, akaomba achanganyiwe mchuzi tena. Tulicheka mpaka mkewe akashika shingo.

Siku ya mwisho ya mwaka, wanawake wanne wa mtaa wetu walipita na masufuria kichwani. Yaling'aa, sitadanganya. Mama Jeni aliwapigia vigelegele mmoja mmoja, kwa moyo mweupe. Alipokwisha kupita wa nne akaniambia, "Yanauma kidogo." Nikamwambia najua. Baada ya muda akaanza kumpimia mtoto wa jirani mafuta.

Tarehe tatu asubuhi, vile vitu vikiwa vimeshauzika, alimkabidhi Mzee Zubeiri elfu arobaini na nane, na mzee akazihesabu mbele ya Asheri aliyekuwa amekuja kusubiri. Asheri akampa mkono, muungwana kwa kweli, akaomba auze mafuta yake ya taa mbele ya fremu. Siku ile tulihamisha vitu vyote kuvuka njia, hatua ishirini na tatu, nilizihesabu kwa sababu nilikuwa na huzuni. Nikafagia baraza yangu mwenyewe kwa mara ya kwanza baada ya miaka minane. Ilikuwa kubwa mno.

Magharibi nikatoka kumtazama. Alikuwa amepanga sabuni kwenye rafu, mafuta chini, sukari juu mbali na unyevu. Akatoka nje, akavuta mlango, akatia kufuli, akalijaribu mara tatu. Halafu akasimama pale pale kwenye njia. Beseni liko ndani. Ndoo ziko ndani. Akaniita, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepotea.

"Saleha, sasa mikono naiweka wapi?"

Nikavuka, nikamshika mmoja, nikamsindikiza mpaka kwao.